Wa Kwanza Juu ya Barafu

Washington, 4 Januari 1920

Mke wangu Lovina,

Umeamkaje huko kwenye baridi ya kweli? Hapa kuna baridi ya kuigiza, matope matupu, na watu wanajifunika manyoya utadhani wamewahi kuiona theluji. Mama mwenye nyumba nilikopanga alinipikia maharage Jumamosi iliyopita kwa sababu nilimwomba mwenyewe, akayatia nyanya, kitu ambacho kwetu hakifanywi. Nikala, nikamshukuru. Siasa ndiyo hiyo.

Nimepata barua ya Amos, msimamizi wetu. Anasema mto umeganda vizuri, farasi wameshapigwa viatu vya misumari, na wiki ijayo watu wataanza kukata barafu ya kuuza. Lovina, mwaka huu siji. Mkataba wa amani bado unatushika mashati humu Seneti, na chama kimetukataza kutoka mjini labda kwa kufa. Tangu nimekuwa seneta sijawahi kuikosa siku ya kwanza ya barafu. Nawajua wazee wa hapo mtoni, watasema Everett Pinkham sasa ni mtu wa zulia.

Basi mwanetu Ansel ndiye atangulie. Mpe mtaimbo wangu, mfungeni kamba kiunoni, Amos ashike upande wa nchi kavu, naye avuke mpaka ng'ambo akigonga kila hatua, kama nilivyovuka mimi na kama alivyovuka baba yangu. Mtu wangu na farasi wangu hawatakanyaga barafu ambayo Pinkham hajaikanyaga kwanza. Misumeno na maghala kila mfanyabiashara anayo. Sisi jina letu limesimama juu ya hilo moja. Na mwambie asigeuke nyuma. Mvukaji akigeuka, walioko ukingoni wanadhani ameogopa.

Naona litamfaa na yeye. Tangu arudi kutoka vitani Ufaransa unaniandikia kwamba anakula, analala, anapasua kuni. Haya, vizuri. Lakini kijana wa watu hawezi kuzeeka akipasua kuni. Akishapewa kazi ya wanaume wa kwao atarudi kuwa Ansel wetu.

Bonge la kwanza la barafu likatwe alama yake mwenyewe, achague anayoitaka. Baba alikuwa na shoka, mimi nina nyota, yeye sijui. Lizikwe kwenye maranda ya mbao pembeni mwa ghala lisiyeyuke. Tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, nitakuwa nyumbani, nitalifukua mwenyewe mbele ya mji mzima na kulivunja kwa ajili ya aiskrimu ya sikukuu kama kawaida yetu.

Nakukumbuka mpaka najionea haya.

Wako,
Everett


Hathorn, Maine, 15 Januari 1920

Everett mume wangu,

Nyanya? Pole sana. Ukirudi nitakupikia sufuria nzima yenye asali nyeusi na nyama ya nguruwe, ule mpaka uwaombe msamaha wapigakura.

Barafu imevukwa Jumatatu asubuhi. Mvukaji alifika ng'ambo salama na kurudi salama. Watu walivua kofia, na ile baridi unaijua, kwa hiyo jua kwamba walimheshimu. Amos anasema barafu ni nene na safi, haina hata jani ndani yake. Bonge la kwanza limekatwa, limetiwa alama, limezikwa.

Ansel hajambo. Juzi ameitengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, ile uliyoahidi kuitengeneza kabla hujawa mheshimiwa. Paka amezaa ndani ya buti lako la kuvulia samaki. Sikumtoa.

Vaa soksi za sufu. Usiniambie huko hakuna baridi.

Mkeo,
Lovina


Washington, 2 Februari 1920

Lovina mpenzi,

Barua yako naitembeza mfukoni mpaka imechanika mikunjo. Watu walivua kofia! Nimesoma hapo nikalazimika kujifanya nina mafua.

Nilimsimulia seneta mmoja, akamsimulia mwingine, mwisho nikaombwa niisimulie tena kwenye chakula cha jioni cha chama. Mwandishi wa gazeti alikuwepo. Sasa sikiliza. Wazee wa chama wamenipa habari mbaya na dawa yake kwa pamoja. Habari mbaya ni kwamba Haskell, yule muuza mbao, anakitaka kiti changu na amewanunulia chakula nusu ya wajumbe. Dawa ni Ansel. Wanataka mwezi wa Juni apande nami jukwaani mjini Bangor kwenye mkutano mkuu wa chama, amevaa sare zake, aseme maneno mawili tu. Mtoto aliyetangulia vitani, akarudi nyumbani akatangulia juu ya barafu. Wanasema baada ya hapo Haskell arudi tu kwenye mbao zake.

Mwambie taratibu, usimshtue. Maneno mawili, hata moja. Na mbona hukuniambia alichagua alama gani? Nauliza kila siku kichwani mwangu kama mtoto anayengoja zawadi.

Everett wako, mwenye kiburi kisicho na dawa


Hathorn, 9 Februari 1920

Everett,

Ansel hatakuja Bangor. Usimwandikie kuhusu jambo hilo, na mimi usinibane.

Theluji imefika madirishani. Kuku wawili wamekufa kwa baridi, tumewala.

Lovina


Washington, 16 Februari 1920

Lovina,

Ndoa yetu haijawahi kuniletea barua ya mistari minne. Hata ulipokuwa umenuna ulikuwa ukiandika kurasa.

Basi nimejibu mwenyewe swali ulilonikataza. Ananichukia. Mwaka wa kumi na saba iliposomwa orodha ya majina Seneti tupige kura, nilisema ndiyo, tuingie vitani, na miezi michache baadaye mwanangu akapanda meli. Tangu arudi hajaniandikia neno hata moja, na Krismasi nilipokuja alinishika mkono kama mtu anayenunua farasi. Nilijiambia ni uchovu. Sasa naona amevuka barafu yangu kwa ajili yako, lakini kusimama karibu nami mbele ya watu hataki.

Kama ni hivyo aniambie yeye. Nimeshakaa miaka mitatu nikingoja aniambie. Naumia, Lovina, na sina wa kumwambia huku isipokuwa mama wa nyanya.

Everett


Hathorn, 22 Februari 1920

Mume wangu,

Keti chini kwanza.

Aliyevuka si Ansel. Ni mimi.

Asubuhi ile alijiandaa bila kusukumwa. Alivaa koti lako, akachukua mtaimbo, akafungwa kamba, akateremka mpaka barafu inapoanzia. Hapo akasimama. Watu wote walikuwa ukingoni, farasi wanatoa moshi puani, na hakuna aliyesema lolote, si unajua mji wetu, mtu anaweza kusimama mtoni mpaka nywele ziote mvi na jirani asimuulize. Hakulia, hakutetemeka ila mikono. Mikono ilikuwa inapiga mtaimbo kwenye jiwe, tik tik tik, mwenyewe hasikii. Nikamwendea. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, kuvuka naweza. Siwezi kuwaambia wanifuate."

Sikumwelewa, lakini sikuona sababu ya kumwuliza mbele za watu. Nikamfungua kamba, nikajifunga mimi juu ya aproni. Amos akanizuia kwa heshima zote. Akasema, "Bi Lovina, sheria inasema Pinkham, na wewe kwa kuzaliwa si Pinkham." Nikamwambia nimewafulia soksi Pinkham wote, walio hai na waliokufa, na kama hilo halijanifanya Pinkham basi hakuna Pinkham duniani. Akanipisha. Alipotaka kushika kamba, Ansel akaichukua mkononi mwake.

Nikavuka. Niligonga kama ninavyokuona ukigonga. Na nikageuka nyuma, Everett, katikati kabisa, kwa sababu mimi sina kiburi chako. Nilimwona mwanangu amekaza miguu ameshika kamba ile, na mikono yake imetulia. Tangu arudi sijaiona imetulia, hata mezani kijiko kinagonga sahani. Nilitamani nikae hapo katikati ya mto mpaka majira ya kuchipua.

Alama ni kijiko, alama yangu mimi. Nilimsihi Amos asiweke alama yoyote, akasema bonge la kwanza bila alama ni bonge tu. Mji mzima unajua na hakuna aliyekuandikia, si kwa ubaya, wanaona si yao. Ningekuacha ufukue kijiko hicho mbele yao sikukuu ya Julai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ningeumbuliwa na barafu. Kuna siku niliingia ghalani nikafikiria kuliburuta nje liyeyuke, likanishinda uzito.

Nilikuficha kwa sababu uliandika kwamba akishavuka atarudi kuwa Ansel wetu. Niliogopa ukijua hakuvuka utadhani hajarudi. Amerudi, Everett. Huyu ndiye.

Na kwa kuwa leo nimeufungua mdomo, nikumalizie. Unadhani majira yote haya ya baridi kamba yako imeshikwa na Amos. Amos bega lake lilikufa mwaka ule farasi mwekundu alipomwangukia. Anaishika mbele kwa ajili ya macho yako. Nyuma yake kamba imezungushwa kwenye nguzo ya kufungia farasi, na ncha yake nimejifunga mimi, najifungua ukishafika ng'ambo kabla hujaanza kurudi. Kila mwaka nakuona mgongo wako unavyokuwa mdogo, na kila mwaka nakuombea Mungu na kukutukana kwa pamoja. Hukuwahi kujua kwa sababu hukuwahi kugeuka.

Lovina wako


Hathorn, 1 Machi 1920

Baba,

Mama amenionyesha barua yako ya kwamba nakuchukia. Nimeisoma mara nyingi. Sikuchukii. Ni vibaya kwamba ulilazimika kusoma habari zangu kutoka kwa mtu mwingine muda wote huu, nami nimekaa jikoni na kalamu iko palepale.

Nitakuandikia jambo moja, halafu nakuomba usiniulize zaidi mpaka mimi nianze. Kule kulikuwa na mfereji wa maji, na sisi mafundi wa jeshi tulitandika daraja la mbao juu ya maboya. Nilikuwa sajini. Vijana waliogopa kulikanyaga, wengi wao wa mashambani, hawajui maji. Nikakumbuka wewe. Nikawaambia kwetu mwenye kazi hutangulia, nikatangulia bila kugeuka, nikafika ng'ambo mzima. Nikawaita. Waliamini kwa sababu nilikuwa nimevuka. Daraja lilinibeba mimi, Baba. Wao halikuwabeba.

Nilifanya kama ulivyonifundisha na sikukosea hata hatua. Hilo ndilo linalonishinda. Ningejua nilipokosea ningejisamehe.

Mimi sina hofu ya barafu. Ninachoogopa ni watu wazuri waliosimama ukingoni wakinitazama.

Kamba naweza kuishika. Siku ile niliishika. Mama ni mzito kuliko anavyosema.

Mwanao,
Ansel


Washington, 8 Machi 1920

Mwanangu Ansel,

Sitakuuliza. Ukianza, hata niwe nimelala, niamshe.

Nami nikuambie langu. Miaka yote nimejigamba kwamba siwatumi watu kwenye barafu ambayo sijaikanyaga. Halafu siku ile nilikaa kwenye chumba chenye moto wa kuni, zulia chini ya viatu vyangu, nikatamka neno moja na kukutuma wewe na watoto wa wenzangu mahali ambapo sijawahi kupakanyaga wala sitapakanyaga. Labda ilibidi. Wengi wananiambia ilibidi, na huenda ni kweli. Lakini nilisema ndiyo kwa wepesi wa mtu anayeagiza supu, na huo wepesi ndio ninaokuomba unisamehe. Kila nilipokushika mkono Krismasi nilikuwa nataka kusema hivi, nikazungumzia bei ya nyasi kavu.

Jana nilirudi kwa wale niliowasimulia. Nikawaambia nilisema uongo bila kujua, aliyevuka ni mke wangu na aproni yake, na kijana wangu hapandi jukwaa la mtu yeyote. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Wazee wa chama hawakucheka. Wakaniuliza, basi utasimama Bangor na nini? Nikawaambia na miguu yangu. Nadhani kiti kimekwenda, Ansel, na leo nimelala usingizi mzuri kuliko siku zote nilizokikalia.

Bonge la kijiko liacheni lilipo. Julai nitalifukua mimi.

Baba yako


Hathorn, 13 Januari 1921

Lovina wangu,

Dada yako Delphine aliona ni lazima avunje nyonga wiki ya barafu? Mpe pole zangu, lakini mwambie nimemwekea kinyongo kidogo. Baki naye Portland mpaka asimame. Sisi wawili tunaishi. Maharage ya Jumamosi nimeyaunguza, Ansel akayala akinyamaza, nikaona kumbe na yeye ana kipaji cha siasa.

Washington nimewaandikia kwamba nina shughuli ya kifamilia. Haskell anachukua kiti mwezi Machi, watanivumilia. Hujanisikia nikilalamika tangu nishindwe Bangor, na leo pia hutasikia. Yule bwana tangu Julai, nilipoliinua bonge lenye kijiko na kuwaambia watu hiyo ni alama ya mvukaji bora wa nyumba yetu, naye akapiga makofi kuliko wote na kula bakuli tatu za aiskrimu, nimeshindwa kumchukia.

Sasa nikupe habari za leo asubuhi, maana najua umeruka mistari yote hiyo kuitafuta.

Nilivaa koti langu, nikachukua mtaimbo. Amos akaleta kamba, nami nikamkabidhi Ansel ncha. Aliizungusha kwenye nguzo ya farasi, kisha akajifunga kiunoni, hivyohivyo unavyofanya wewe, nadhani ulimwonyesha. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, lakini pale nyuma ya nguzo, pale pako, hakuna aliyesimama. Wamepaacha wazi. Mji mzima umelijua lile eneo la futi mbili za theluji kuliko mimi mume wako.

Nikaingia. Magoti yangu si yale, nakiri. Barafu ilikuwa inaimba chini kama inavyoimba ikiwa nzuri. Nilipofika katikati nikafanya jambo ambalo baba yangu angenipiga. Niligeuka.

Ni mbali, Lovina. Sikujua ni mbali hivyo. Watu ni vidole tu kutoka pale, na kamba inapotea kwenye weupe kabla ya kufika kwao, unabaki kuamini tu kwamba kuna mtu. Nikamwona kwa koti lake la jeshi lililopauka. Amekaza miguu. Nikafikiria baridi zote ulizosimama pale ukiutazama mgongo wangu, nami sikukupa hata uso. Nililia kidogo, na mafua sina.

Nikaendelea mpaka ng'ambo. Huwa narudi mwenyewe ukingoni na kuwaambia watu waingie, unajua. Leo nikiwa bado upande wa pili nikasikia sauti. Si kubwa, lakini mto unaleta sauti. Ansel alikuwa amewageukia wale watu, kamba bado iko kiunoni, akasema, "Inabeba. Nendeni."

Wakaenda. Wanaume, farasi, misumeno, wote. Alibaki na kamba mkononi mpaka wote wamekanyaga, anawatazama miguu mmoja mmoja. Halafu akajifungua, akaikunja, akaiweka begani, akaingia naye, wa mwisho kabisa, nyuma ya farasi wa mwisho. Akatembea hivyo mpaka nilipokuwa. Nikamwuliza tukate alama gani mwaka huu. Akasema tungoje mpaka Mama arudi.

Kwa hiyo bonge la kwanza limekaa ghalani, halina alama, na Amos amenuna. Rudi upesi.

Mumeo,
Everett